Mkono wa Kumwoshea Yasmini

Watu wa Magomeni ya Bagamoyo walimheshimu Bi Chausiku, hilo halina ubishi. Akipita walimwamkia kwa adabu, shikamoo Bi Chausiku, marahaba wanangu, kisha kila mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya kufanya. Wanawake wanaoshikana mikono na kubusiana mashavu kutwa nzima, wakifika kwake huyu ana unga mkononi, yule kabeba mtoto, mwingine anawahi sokoni kabla samaki hawajaisha. Heshima ilikuwepo tele. Ila ilisimama mbali kidogo.

Sababu yake ilijulikana na kila mtu. Bi Chausiku alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifariki mtaani, huitwa yeye kabla hata shangazi wa marehemu hajapigiwa simu. Kazi aliirithi kwa mama yake, na aliifanya kwa sitara: makovu, alama, na siri zote alizoziona juu ya kile kitanda cha kuoshea zilikwenda na maji. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisimulia mwili wa mwenzake. Na watu hao hao, wallahi, hawakumwita hata mara moja kumpaka bibi harusi hina. Nani anautaka mkono ule kwenye harusi yake? Hata mumewe, Mtoro, alikaa naye wee, mwisho akamwacha kwa madai kwamba mikono yake ina baridi. Baridi! Nyumba ya bati, mwezi wa Februari, Bagamoyo, mtu analalamika baridi! Akaenda zake Saadani akaoa mwingine, na mtoto walikuwa hawakujaaliwa, kwa hiyo nyumba ikabaki na Chausiku peke yake na redio.

Aliyekuwa hamwogopi ni Yasmini tu. Huyu alikuwa mjane wa mji mkongwe, ukoo wa wafanyabiashara waliokwisha kufilisika wakabaki na majina marefu, mpishi wa visheti, mwanamke mnene mwenye mdomo usiojua kupumzika. Yasmini alikula naye sahani moja. Alimega tonge akamlisha, na akilishwa alifungua kinywa kikubwa, "Lete, shoga, mkono umeaga watu wengi huo, una baraka zake." Siku moja walitoka kumzika jirani, wakakaa barazani kwa Yasmini kupumzisha miguu, na Yasmini akamwita bintiye Adila atoke nje asikie. "Mimi nikifa asiniguse mtu baki," akasema. "Huu ni wasia. Ataniosha Chausiku, na ndiye atakayenishika shingo. Yeye anajua nilivyo na haya."

Adila akasema mama acha uchuro, mambo gani hayo. Lakini Chausiku aliapa pale pale. Na alipokuwa akirudi kwake alilia njia nzima, akajifunika ushungi watu wasimwone. Mkono ambao hakuna aliyeutaka, mtu ameuomba kwa jina.

Basi mwaka huo Yasmini akapatikana na saratani ya kizazi. Akapelekwa Dar, akachomwa mionzi, akarudishwa, unene ule wote ukayeyuka. Na kabla watu hawajazoea habari hiyo, Chausiku naye akaanguka jikoni kwake asubuhi ya Jumatano akiwa anakoroga uji. Kiharusi. Jirani alimkuta sakafuni, mdomo umekwenda upande, uji umeungua. Mdomo ulirudi baada ya wiki chache. Mguu ulirudi kwa kukokota. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia begani, na akiuamuru unyanyuke haumjibu chochote.

Hapa lazima ieleweke kwa nini alilia kuliko watu wengine wanaopatwa na maradhi hayo. Mwosha anatumia mikono yote miwili, lakini kila mmoja una kazi yake. Maiti huinuliwa taratibu akakalishwa, akaegemezwa kwenye goti la mwosha. Mkono wa kushoto ndio unaopita tumboni kulikamua polepole. Mkono wa kulia unashika bega, na kidole gumba kinakaa kwenye kishimo cha kisogo, ili kichwa kisiyumbe wala kuanguka mbele ya watu. Ukimkosea hapo kichwa kinalegea, na marehemu anaaibika. Huo ndio mkono alioombwa. Yasmini yuko kitandani anakwisha, na mkono wa kumshika shingo umekufa kabla yake.

"Tutaangalia nani atamwahi mwenzake," alisema Yasmini siku ya kwanza walipoonana, mmoja kalala, mmoja kakaa na mkono kaufunga kwa kanga. Wakacheka, kisha Chausiku akaangalia pembeni.

Hospitalini alikabidhiwa kwa binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anaitwa Nasrin, mpole, ana vishimo mashavuni. Nasrin alimkunja na kumkunjua vidole, akamkanda, akamwekea mipira. Miezi ikapita. Kisha wakaja watafiti kutoka chuoni na mtambo wao, na Nasrin akamwomba Chausiku awe miongoni mwa watakaopimwa.

"Tunakuvalisha kofia yenye nyaya kichwani, bibi, na mkononi tunakubandika hivi vibandiko. Kofia inasikiliza ubongo. Vibandiko vinasikiliza msuli."

"Kofia juu ya nywele? Na mimi nimejipaka mafuta ya nazi."

"Tutayafuta, bibi."

"Haya, na mkishamaliza mnisuke."

Nasrin akacheka. Akamweleza taratibu, kwa maneno ya kawaida, na Chausiku alisikiliza kwa makini kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza kichwa chake kinavyofanya kazi. Mtu akinyanyua kikombe, alisema Nasrin, ubongo umekwisha kutoa amri kabla mkono haujasogea. Sasa mtu akifikiria tu kunyanyua kikombe, akifikiria kwelikweli, mkono wake umetulia, sehemu nyingi za ubongo zile zile huamka na kuanza kazi. Na kwa baadhi ya watu, si wote, hata msuli hupata fununu. Hausogei, lakini chombo kinasikia kitu kidogo. "Kwa hiyo mkono usiotembea unaweza kufanya mazoezi, bibi. Unafanyia kichwani. Tunatarajia njia iliyokatika itafute pa kupita. Siwezi kukuahidi."

"Nifikirie nini?"

"Kazi ambayo mkono wako unaijua kuliko zote."

Loo. Chausiku alimwangalia yule binti na vishimo vyake. Amwambie nini? Amwambie kidole gumba kwenye kisogo cha maiti? Binti angekimbia na vibandiko vyake. "Kukuna nazi," akasema.

Akafumba macho akakuna nazi. Alijiona kabisa, kakaa juu ya mbuzi, uani, nazi mkononi, machicha yanadondoka kwenye sinia. Alikuna hata akadhani amemaliza ya mchana na ya jioni. Alipofumbua, Nasrin alikuwa anatazama kioo cha kompyuta na vishimo vimepotea. Mistari miwili ilikuwa inapita pale. Wa kichwani ulitikisika kidogo. Wa mkononi ulikuwa umelala.

"Bibi, ulipokuwa unakuna, ulikuwa unajiona?"

"Nimejiona vizuri sana. Hata kanga niliyovaa nimeiona."

"Ndiyo tatizo. Umekaa mbali ukajitazama, kama unamtazama mtu kwenye televisheni. Usijitazame. Ingia ndani ya mkono. Nazi ina uzito gani? Kifuu kinakukwaruza wapi? Bega linachoka au halichoki?"

Chausiku akajaribu tena na tena, lakini nazi haikuwa na uzito. Ukweli ni kwamba hakuipenda kazi ya kukuna nazi tangu utotoni.

Nyumbani, peke yake, alijaribu ile kazi nyingine. Alikaa kwenye mkeka mgongo umeegemea ukuta, mlango kaufunga, redio kaizima. Akawaita waliopita mikononi mwake: mama yake Feisal, bibi wa Nianjema, yule msichana aliyefariki kwa uzazi. Walikuja, lakini walikuja wepesi. Aliwanyanyua na hawakuwa na mwili. Alikwisha kuwaaga wale, walikwisha kwenda. Akakaa na hali hiyo siku kadhaa, akakata tamaa, hata akaacha kwenda kwa Nasrin.

Kisha siku moja baada ya Adhuhuri, hajapanga, aliyekuja ni Yasmini.

Alikuja na uzito wake. Wa zamani, si huu wa sasa. Chausiku alihisi mgongo ule mnene ukiegemea gotini, akahisi maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na majani ya mkunazi yakimtiririkia kiwikoni, akahisi jasho la nywele za kisogoni pale Yasmini alipokuwa akilalamika siku zote kwamba panamwasha. Kidole gumba kikaenda mahali pake. Kichwa kikalegea, na yeye akakibeba, kizito hivi, kizito sana, bega likamuuma. Alipofumbua macho alikuwa anahema. Na mkono, mkono uliokuwa umelala mapajani, ulikuwa na joto ndani yake, kitu kinachotambaa kutoka bega kushuka chini, kikaishia kwenye kiganja.

Wiki iliyofuata alivishwa kofia, akabandikwa, akafumba macho. Nasrin alipiga makofi. Mstari wa mkononi ulikuwa umeinuka, kidogo tu, lakini kila alipofikiria uliinuka, na alipopumzika ulilala. Wale watafiti wakasogea kutazama.

"Bibi Chausiku! Leo umefikiria nini?"

"Nazi," akasema.

Akafanya mazoezi kila siku. Akimaliza kuswali, anamwosha Yasmini. Akimaliza kula, anamwosha Yasmini. Siku moja kidole gumba kilicheza. Kilicheza kweli, mbele ya macho yake, kikajikunja kikajikunjua, na Chausiku akapiga kigelegele peke yake ndani ya nyumba, kisha akaziba mdomo kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ilimjia ghafla anafanya nini.

Astaghfirullah. Shoga yake yu hai, anavuta pumzi, anakunywa maji ya dafu, na yeye kila siku anamlaza kwenye kitanda cha kuoshea. Anamzika. Anamzika mara ngapi kwa siku ili vidole vyake vipone? Mchawi anafanya nini zaidi ya hivyo? Alihesabu siku tangu alipoanza, akakumbuka kwamba ndizo siku ambazo Yasmini aliacha kula. Akili ilimwambia saratani ndiyo saratani, haikumngoja yeye. Moyo haukukubali. Akaacha. Alikataa kufikiria, akawasha redio kwa sauti, akikaa anajikuta mkono umeanza wenyewe kutaka kwenda, anaukemea. Baada ya muda kidole kikanyamaza tena, na Nasrin akatazama kioo akasema, bibi, kuna nini, umechoka?

Aliacha hata kwenda kwa Yasmini. Aliona haya kumtazama. Alikaa Magomeni siku nzima asiseme na mtu, na kama ujuavyo hakuna aliyebisha hodi. Ikawa hivyo mpaka Yasmini alipompigia simu mwenyewe, sauti nyembamba. "Shoga, umekufa kabla yangu? Au umeniacha kama Mtoro alivyokuacha?"

Akaenda. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza yote, nazi, kofia, maji ya mkunazi, kisogo, bila kuficha. Akamwambia nisamehe, nimekuua kila siku. Akangoja kufukuzwa.

Yasmini alitazama dari. Kisha kifua kikaanza kutikisika, Chausiku akadhani anapata kifafa, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akapewa maji, akayatema akacheka tena. "Haya niambie," akasema, "umeniosha vizuri? Nywele umenifumua?"

"Nimekufumua."

"Umenisuka misuko mitatu?"

"Mitatu."

"Na tumbo hili? Si ulisema unanikumbuka mnene? Shoga, unafanya mazoezi na mtu asiyekuwepo! Mimi sasa hivi mwepesi. Njoo unishike nilivyo, mkono ujifunze uzito wenyewe." Chausiku akakataa, akasema haifai, ni kujichuria. Yasmini akamshika ule mkono uliokufa akauweka shavuni mwake. "Unaogopa nini? Mimi ninakwenda, Chausiku. Wote wanaingia humu wananiambia utapona, utapona, nami naitikia ili wasiumie. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unakaa na mimi kule ninakokwenda. Na mimi nilidhani niko peke yangu."

Hapo walilia, wote wawili, kwa sauti.

Tangu siku hiyo Chausiku alikwenda kila asubuhi Adila akishatoka kwenda kazini. Adila alikuwa amejenga Mapinga, lakini alirudi kwa mama yake tangu maradhi yalipozidi, akawa anaondoka na gari la alfajiri kwenda Dar. Yasmini alikuwa hawezi tena kujiogesha. Chausiku alichemsha maji, akamfunika kanga, akamkalisha, akamwegemeza gotini. Kwanza mkono wa kulia aliuweka kwa kuubeba na wa kushoto, akaupanga pale begani. Kisha akafumba macho akafikiria kushika, na chini ya ule mkono kulikuwa na shingo ya kweli, ina joto, mshipa unapiga. Yasmini alikuwa anajilegeza makusudi, anajifanya kafa. "Kichwa kimeyumba, shoga. Umeniaibisha mbele za watu. Rudia." Kuna siku walicheka mpaka beseni likamwagika. Na kuna siku Yasmini hakuwa na nguvu ya kutania, akakaa ameegemea, na Chausiku aliendelea kummiminia maji tu ili asilazimike kumlaza.

Asubuhi moja Adila aliacha simu yake nyumbani akarudi ghafla. Aliingia chumbani akamkuta mama yake kalegea, macho kafumba, taya limeanguka, kaegemea goti la mwosha maiti. Ukelele alioupiga ulisikika mpaka msikitini. Yasmini akafumbua macho. Hilo ndilo lililomkasirisha Adila zaidi. "Mnamchuria mama yangu! Yu hai mnamfanyia michezo ya maiti! Ma'mkubwa, wewe nilikuheshimu!" Chausiku hakumlaumu, kwa sababu mwenyewe alikwisha kujiambia hayo hayo. Yasmini alimwambia bintiye kwamba anaogeshwa tu, alipitiwa na usingizi. Adila akataka kuamini, akaamini.

Baada ya hapo wakaficha. Adila akiwepo, Chausiku aliufunga mkono kwa kanga na kukaa kiti cha mbali. Hakusema kwa mtu yeyote kwamba vidole vimeanza kushika. Mambo mema nayo hayatangazwi kabla hayajatimia, macho ya watu yana mambo yake. Nasrin peke yake alijua, akaandika kwenye faili, akafurahi. Na siku ilifika ambayo Chausiku alimkalisha Yasmini, akauinua mkono wa kulia bila kusaidiwa na wa kushoto, ukapanda taratibu unatetemeka, ukashika bega, kidole gumba kikaingia kwenye kishimo. Yasmini alijilegeza kabisa. Kichwa hakikuyumba.

"Basi," akasema Yasmini. "Sasa naweza kwenda. Adila akirudi jioni nitamwambia kwamba mkono uko tayari."

Lakini jioni hiyo damu ilimtoka nyingi. Adila akakodi gari, wakamkimbiza Dar. Wataongeza damu tu, walisema, Ijumaa atakuwa amerudi.

Ijumaa asubuhi simu ililia. Adila, sauti imekatika. "Ma'mkubwa, mama ametutoka. Tunamleta huko, tunazika baada ya Alasiri." Akalia, simu ikakatika.

Chausiku hakulia bado. Mwosha halii kabla ya kazi. Alikwenda kwa Yasmini akafungua nyumba, akamwagiza Twalib, mtoto wa kaka yake Yasmini, achimbe ufuo wa kupitisha maji uani, kitanda cha kuoshea kikaletwa kutoka msikitini, akachemsha maji, akaponda majani ya mkunazi, akatayarisha karafuu maiti na pamba. Wanawake waliokuja mapema walitazamana. "Bi Chausiku, nani atashika?" "Tutashika," akasema. Mkono ulikuwa ndani ya kanga. Alikuwa anaukunja na kuukunjua kwa siri, anamwomba Mungu usimtupe leo, leo tu, kesho ukifa basi.

Gari lilifika saa saba. Wanaume walishusha jeneza, na Chausiku alipoona wanavyolipitisha moja kwa moja sebuleni, badala ya uani, akajua.

Adila alimwendea akamkumbatia. Macho yalikuwa yamevimba. "Tumeshamwosha huko huko, Ma'mkubwa. Wana mahali pao, tukapata mama mmoja mcha Mungu. Wasia naukumbuka, wallahi naukumbuka. Lakini kwa huo mkono wako nikasema nisikutese. Ukae pembeni ukitazama mwingine anafanya? Nilikuonea huruma."

Uani maji yalikuwa yanachemka. Chausiku aliuliza kitu kimoja tu. "Alimshika shingo?"

Adila hakuelewa. "Alimshika, Ma'mkubwa. Alimshika vizuri."

"Alhamdulillahi," akasema Chausiku, akaenda akaepua sufuria.

Wakamzika. Saa ile wanaume walipokuwa makaburini, wanawake wamejaa sebuleni wanasoma, Chausiku alikaa peke yake uani juu ya kibao, akafumba macho. Akamwosha. Alimwosha tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuharakisha, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akamfumua, akamsuka mitatu. Hakujua kwamba mikono yote miwili ilikuwa inakwenda hewani. Mtu aliyepita akienda chooni alimwona, akadhani ni uchungu umempanda kichwani, akapita kimya.

Siku ya kuondoa matanga palipikwa, ikasomwa hitima, na watu wa Magomeni na wa mji mkongwe wakakaa kwenye mikeka. Kazi ilikuwa nyingi. Katika pilikapilika hizo Chausiku alijisahau. Sahani ya wali ilikuwa inateleza kwenye ukingo wa meza, akainyaka kwa mkono wa kulia, akampa Adila.

Adila aliipokea akasimama nayo. Alitazama sahani, akatazama vidole vilivyoishika, akatazama uso wa Chausiku. Kelele za watu ziliendelea pembeni yao.

"Ma'mkubwa," akasema. "Mkono."

"Ee."

"Unashika."

"Unashika, mwanangu."

"Tangu lini?"

Chausiku aliona midomo ya yule binti imekauka. Aliona jibu la kweli lingekwenda kukaa wapi, na lingekaa kwa muda gani, kila Ijumaa, kila Idi, kila atakapompeleka mtoto wake kaburini kumsomea bibi yake. Alikuwa amezoea kufunika alichokiona.

"Leo," akasema. "Leo asubuhi nimeamka nikaukuta unacheza."

Adila akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, machozi yakamtoka. "Alhamdulillahi. Nilidhani..."

"Hapana," akasema Chausiku. "Leo."